Miezi Iliyobaki

Hyasinta alipofariki, majirani wa kijiji cha Kansay hawakujua tena mama yake wamwiteje. Tangu binti huyo azaliwe, Leonida alikuwa Mama Hyasinta, sokoni, kanisani, kisimani. Baada ya mazishi wengine walianza kumwita Mama Modest, kwa jina la mtoto wake wa pili, fundi gereji kule Babati. Wengine walikwepa, wakawa wanaanza maneno yao na "dada" au "shangazi" hata kama hawakuwa na undugu naye. Leonida aliitikia yote. Mtu akikosea akatamka jina la zamani, kisha akajishika mdomo, yeye alimtazama tu na kungoja aseme alichotaka kusema.

Bodaboda aliyopanda Hyasinta iligongana na lori la vitunguu karibu na Njiapanda, jioni, akitoka kazini. Alikuwa mhudumu wa risepsheni katika hoteli moja mjini Karatu. Hakufika hospitali.

Kwenye msiba Leonida hakulia. Akina mama wa jumuiya walimzunguka, wakamshika mabega, wakamngoja. Walisemezana kwamba atalia jeneza likishushwa. Jeneza likashushwa. Wakasema basi atalia watu wakishatawanyika, nyumba ikibaki kimya. Watu wakatawanyika, nyumba ikabaki kimya, na Leonida akaamka asubuhi akakamua ng'ombe, akachemsha maziwa, akaenda kupalilia mbaazi. Mguu ukiukalia muda mrefu hufa ganzi; unajua ni wako, unauona pale chini, lakini ukiubonyeza husikii kitu. Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima.

Mumewe Thomasi ndiye aliyelia. Alilia mbele ya watu bila aibu, mzee wa miaka sitini na tano, na alipomaliza kulia akahamia kaburini. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, pembeni mwa shamba. Kila siku alikuwa pale na jembe, anang'oa magugu, anarudisha udongo ulioteremshwa na mvua. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Tuta lilikuwa linazama, na msalaba wa mbao ulikuwa umeanza kulala upande. Thomasi aliusimamisha, mvua ikanyesha, ukalala tena.

Leonida hakwenda kule nyuma. Hakuwa na sababu. Hakwenda tu.

Mvua zilipokata, simu yake iliita akiwa anachambua maharage uani.

"Naongea na Leonida?"

"Ndiyo."

"Shikamoo, mama. Naitwa Scholastika, napiga kutoka ofisi ya mfuko wa pensheni hapa Karatu. Mchango wako wa hiari haujaingia tangu mwezi wa pili. Kuna tatizo?"

"Aliyekuwa analipa amefariki."

"Pole sana, mama. Alikuwa nani wako?"

"Mtoto," alisema Leonida, kama mtu anayetaja bei ya debe la mahindi.

Scholastika alimpa pole tena, kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamwambia kwamba kwa kuwa ametimiza miaka hamsini na tano, kuna jambo anatakiwa kuliamua. Afike ofisini atakapopata nafasi.

Michango hiyo ilianza zamani. Leonida alikuwa dobi katika lodji moja kule juu, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo ukungu huingia mpaka ndani ya shuka unalolianika. Alifua mashuka na taulo za wageni miaka tisa, na kila mwezi mshahara ulikatwa, mwajiri akaongeza fungu lake, fedha ikaenda kwenye mfuko. Kisha ikaja korona. Wageni wakaacha kuja, lodji ikafungwa, wafanyakazi wakapewa nauli ya kurudi makwao. Ilipofunguliwa tena ilichukua mashine mpya za kufulia na vijana wawili wa kuzibonyeza.

Hyasinta ndiye aliyemshika mkono mpaka ofisini. "Mama, usiache michango yako ikafia njiani," alisema. "Wanaruhusu kuendelea kwa hiari. Nitakulipia mimi." Tangu siku hiyo alilipa elfu thelathini kila mwezi, na ujumbe wa kuthibitisha uliingia kwenye simu ya Leonida. Leonida aliuona, akaufuta, akaendelea na kazi zake. Haikuwa nadra watu kumwambia kwamba hana haja ya pensheni, mtoto kama yule ndiye pensheni yenyewe.

Usiku ule Thomasi aliuliza ni nani aliyepiga simu. Leonida akamweleza. Thomasi aliacha kula.

"Kwa hiyo hela yako yote iko huko bado?"

"Iko."

"Na unaweza kuichukua?"

"Sijui. Nimeitwa nikaambiwe."

Thomasi aliosha mikono taratibu. "Mama Hyasinta," alisema. Ni yeye peke yake aliyekuwa bado anamwita hivyo bila kusita. "Nimezungumza na fundi mjini. Anajenga kaburi la vigae, vyeupe, na jina limechorwa, na picha ndani ya kioo. Nilikuwa najiuliza hela nitoe wapi, niuze ng'ombe yupi. Chukua hiyo. Tumjengee mtoto nyumba yake kabla ya mvua nyingine."

"Nitakwenda nikasikilize," alisema Leonida.

"Alale kwenye tope mpaka lini?"

Leonida hakuwa anabishana. Alilitafuta jibu ndani yake, akakuta hakuna la ndiyo wala la hapana, akakusanya vyombo.

Siku ya kwenda Karatu alivaa kitenge cha kanisani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na benchi la wanaosubiri. Mbele yake alikaa mzee wa Kimasai aliyevaa koti la suti juu ya shuka zake, na fimbo ameilaza miguuni. Alijitambulisha bila kuulizwa: anaitwa Kimaren, ametoka Piyaya, alikuwa mlinzi wa stoo za kampuni moja ya barabara mpaka alipostaafu. Alikuwa safarini tangu jana.

"Nimekuja kuonyesha kwamba bado sijafa," alisema.

Leonida alimtazama.

"Kweli, yeyo, mama yangu. Kila baada ya muda wanataka wakuone. Usipokuja wanafunga mshahara, wanasema huyu ameshakwenda. Wewe pia umekuja kuhakikiwa?"

"Hapana. Mimi sijaanza kulipwa."

"Ah, basi wewe hata ukifa hawajali bado," alisema Kimaren, akacheka mwenyewe.

Shida ikawa kidole. Mashine ilikataa kukisoma, kwa sababu ncha za vidole vya mzee zilikuwa zimelika mpaka zimekuwa laini kama kokoto za mtoni. Alibonyeza dole gumba, mashine ikalia. Akabonyeza la pili, ikalia. Scholastika, mwanamke wa Kichaga mwenye miwani na sauti isiyo na haraka, alitoka nyuma ya meza, akamfuta mzee vidole kwa kitambaa chenye maji, akavipaka mafuta ya mgando, akakishika kidole kimoja baada ya kingine na kukikandamiza kwenye kioo. Mzee alitulia kama mtoto anayekatwa kucha. Mwishowe taa ya kijani ikawaka.

"Uko hai, baba," alisema Scholastika.

"Asante," alisema Kimaren, kwa unyenyekevu, kama mtu aliyepewa kitu.

Zamu ya Leonida ilipofika, Scholastika alimwelezea pole pole. Ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe na michango ya miaka kumi na mitano. Yeye ana ile ya lodji na ile aliyolipiwa na marehemu. Imebaki miaka miwili na nusu. Njia ni mbili. Anaweza kuacha hapa, akapewa mkupuo mmoja, wakamalizana. Au anaweza kuendelea kulipa kwa hiari mpaka atimize, na hapo atalipwa kila mwezi maisha yake yote.

"Ni nyingi, hiyo ya kila mwezi?"

"Si nyingi, mama, nisikudanganye. Lakini haikauki."

"Na nikifa katikati?"

"Familia itapewa kilichopo. Haipotei."

"Na nikiishi sana?"

"Hapo ndipo faida ilipo. Ukiishi sana, unakula mpaka unaizidi ile uliyochanga."

Leonida aliangalia dirishani. Nje landikruza za wageni zilikuwa zinapita kuelekea geti la hifadhi, mabegi yamefungwa juu. Alijaribu kuiona hiyo miaka anayoulizwa. Aliona tu kama barabara ya kule juu asubuhi, nguzo moja, nguzo ya pili, halafu weupe wa ukungu.

"Sijui kama nataka kuishi sana," alisema.

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anajibu swali. Scholastika aliweka kalamu chini na kumtazama juu ya miwani.

"Hilo, mama, mimi sina pa kuliandika," alisema. "Nenda nyumbani. Hakuna anayekukimbiza. Ukiamua, rudi."

Kabla ya kurudi Kansay alipita katika hoteli ya Hyasinta. Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba. Alikuwa ameambiwa kuna viatu na sweta vya binti yake vimebaki. Lilian, rafiki aliyekuwa akifanya naye zamu moja, alimpokea kwa kumkumbatia, akamkalisha nyuma ya jiko, akamletea chai ya maziwa na chapati, na vile vitu kwenye mifuko miwili.

"Mama, umekuja mjini kwa ajili ya hivi tu?"

"Nimetoka kwenye mfuko. Ile michango aliyokuwa ananilipia."

Lilian alitabasamu, macho yakamjaa maji. "Ile! Mshahara ukiingia, kitu cha kwanza ni hicho. Kabla ya vocha, kabla ya kodi ya chumba. Tulikuwa tunamtania. Alikuwa anahesabu miezi: imebaki kadhaa, imebaki kadhaa."

"Alikuwa anahesabu kwa nini?"

Lilian aliona ameshafungua mlango.

"Sema tu, mwanangu. Mimi sasa hakuna kinachoniuma."

"Alitaka kwenda Zanzibar, mama. Kuna hoteli huko, dada mmoja tuliyesoma naye chuo alimtafutia nafasi. Mara mbili. Mara mbili akakataa. Akasema, 'Siwezi kuwaacha wazee wanaosubiri hela yangu ya chumvi. Acha mama amalize miezi yake. Akishaanza kulipwa, mimi naondoka, na nikiondoka sirudi nyuma kutazama.'" Lilian alifuta macho kwa aproni. "Hakusema kwa ubaya. Aliwapenda. Alichoka tu na Karatu."

Leonida alikunywa chai mpaka ikaisha. Aliichukua mifuko yenye viatu na sweta, akashukuru, akaondoka.

Njiani kurudi ndipo alipohisi kitu kwa mara ya kwanza. Hakikuwa kilio. Kilikuwa kidogo na kikali, mahali fulani chini ya mbavu, kama mwiba wa mgunga uliovunjikia ndani. Miaka yote ile alidhani mtoto analipa kwa sababu anampenda mama yake, na ilikuwa kweli. Lakini pia alikuwa analipa kama mtu anavyolipa ili afunguliwe kamba. Kila ujumbe ule alioufuta Leonida bila kuusoma ulikuwa hatua ya mtu anayeelekea mlangoni. Alijaribu kumkasirikia. Alitembea sehemu nzima ya mwisho, kutoka barabarani mpaka nyumbani, akijaribu, na alipofika uani hasira haikuwa imekuja. Mwiba ulikuwapo bado.

Thomasi alikuwa amekaa kwenye kigoda anamngoja.

"Wamesemaje?"

"Naweza kuchukua, ikaisha. Au naweza kuendelea kulipa."

"Basi chukua."

"Sichukui, Baba Hyasinta."

Ilikuwa kama wote wawili wamesikia mtu wa tatu akizungumza.

"Humpendi?" aliuliza Thomasi. "Hukulia. Huendi kaburini. Watu wananiuliza, mkeo ana nini, nakosa la kuwaambia. Sasa hata jiwe la kumwekea unamnyima?"

"Alikuwa ananilipia ili aende zake," alisema Leonida. "Lilian kaniambia. Alitaka kwenda Zanzibar. Alikuwa anangoja mimi nimalize miezi, ndipo aondoke."

"Zanzibar? Kufanya nini?"

"Kuishi."

Thomasi aligeuka kutazama upande wa kaburi.

"Ile kazi hakuimaliza," alisema Leonida. "Nataka iishe."

"Iishe iweje? Amekufa!"

"Iishe tu. Asibaki amefungwa na mimi."

Thomasi alisimama, akaingia ndani, na kwa wiki nyingi baada ya hapo hakumsemesha ila kwa lazima. Ng'ombe amekohoa. Dawa ya mahindi imekwisha. Watu waliokuja kumshauri Leonida walikuwa upande wa mume. Katekista alimwambia kaburi ni heshima ya familia. Shemeji yake Emmanueli alimwambia kwamba pensheni ni mambo ya wafanyakazi wa serikali, mkulima pensheni yake ni shamba. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akawapa uji, akawasindikiza.

Fedha ya kulipia hakuwa nayo, kwa hiyo alirudi kwenye kazi aliyoijua. Kambi moja ndogo ya mahema nje kidogo ya mji ilikuwa haina mashine. Alifua kwa mikono, mashuka na taulo, siku ambazo kulikuwa na wageni, na kwa shangazi yake aliyekaa karibu na hapo alipata pa kulala. Maji yalikuwa ya baridi. Siku ya malipo alipita kwanza ofisini kwa Scholastika, kwa sababu hakuiamini simu, akatoa elfu thelathini mkononi mwake. Scholastika alimtaka aketi, alimwuliza habari za nyumbani, akamwonyesha jinsi ya kulipa mwenyewe. Kuanzia hapo ujumbe ulipoingia Leonida aliusoma mpaka mwisho, pamoja na zile namba ndefu zisizo na maana kwake, ndipo akaufuta.

Hakujisikia nafuu. Aliamka, alifua, alianika, alilipa. Sikukuu zikapita. Modest alikuja Krismasi na wanawe, akawaletea sukari, akarudi Babati.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, Leonida alirudi kutoka kambini akamkuta Thomasi anapandisha mawe kutoka korongoni. Alikuwa amefunga punda, na mawe yenyewe yalikuwa ya kijivu, mapana, yale ambayo watu wa pale hujengea misingi. Hakuwa ameita fundi. Alikuwa amechimba mtaro kuzunguka tuta la kaburi na alikuwa anayapanga mwenyewe, moja juu ya jingine, akiligeuza kila jiwe mpaka lipate mahali pake.

Leonida alisimama kwenye kona ya nyumba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kufika hata pale. Kisha akavua viatu, akashuka korongoni, akajitwisha jiwe.

Alipolishusha, Thomasi alilitazama. "Hilo ni la pembeni," alisema. "Liweke huku."

Walifanya kazi mpaka jua likaanza kushuka. Siku ya pili wakaendelea. Siku ya tatu Leonida alikoroga udongo na saruji kidogo iliyobaki kwenye ujenzi wa zizi, na Thomasi akaziba nyufa. Walipomaliza lilikuwa kaburi la kawaida, zito, lisilo na picha wala maua. Msalaba ulisimama. Leonida aliweka kiganja juu ya jiwe la juu, lililokuwa bado na joto la mchana, akakiacha pale muda. Alingoja alie. Hakulia. Lakini hakuwa na haraka ya kuondoka pia, na Thomasi alipokwenda kufunga ng'ombe alimwacha akiwa bado amesimama pale.

"Kukoje huko Zanzibar?" Thomasi aliuliza usiku, gizani, kila mtu upande wake wa kitanda.

"Sijui. Wanasema joto."

"Yeye alikuwa anapenda joto," alisema Thomasi. "Hapa kila siku analalamika baridi."

"Ndiyo. Alikuwa analalamika."

Miezi iliyobaki ilikwisha kama inavyokwisha miezi mingine. Mara mbili alikosa fedha, akauza jogoo mara moja, mara nyingine Thomasi aliweka noti mezani bila kusema ni za nini. Mchango wa mwisho ulipoingia Scholastika alimpigia kumpongeza, na Leonida alisema asante, akarudi kukamua. Kulikuwa na karatasi za kujaza, picha za kupiga, na vidole vya kubonyeza kwenye kioo. Vya kwake, pamoja na sabuni yote ile, vilisomeka mara ya kwanza tu.

Pensheni ya kwanza iliingia siku ambayo walikuwa wanapiga mbaazi. Walikuwa wamezitandaza kwenye turubai uani, Thomasi upande mmoja na fimbo yake, Leonida upande wa pili na ya kwake, vumbi limewajaa kichwani. Simu ililia mfukoni mwa gauni. Alijifuta mikono, akasoma ujumbe wote taratibu.

"Ni nini?" aliuliza Thomasi.

"Ya mfuko."

"Imeingia?"

"Imeingia."

Thomasi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameegemea fimbo anavuta pumzi. Leonida alirudisha simu mfukoni. Hakujisikia furaha, wala ule mwiba hakuuhisi kwa wakati huo. Alijisikia tu kiu. Alikwenda kuleta maji, akampa mumewe kwanza, akanywa yeye. Upepo wa kupepetea ulikuwa umeanza kuvuma kutoka upande wa milimani, na haungengoja. Wakashika tena fimbo zao.